Kibla cha Igalula

Stesheni ya Igalula,
Tabora.
29 Agosti 1971

Dada yangu mpendwa Mwanne,

Shikamoo. Leo umetimia mwaka mmoja na miezi mitatu tangu niondoke Saadani na lile begi la marehemu mjomba lililofungwa kwa kamba. Huku mimi ni mzima kwa uwezo wa Mungu, isipokuwa mgongo na viganja, maana kazi ya kubadili mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, haimwachii mtu mwili aliokuja nao. Hofu yangu iko kwenu. Miguu ya mama inaendeleaje? Watoto wamepona surua? Na wewe mwenyewe, unapata hata kausingizi?

Barua yako nilipewa wiki iliyopita na karani wa stesheni. Umeniandikia kwamba tangu mama aliposomewa barua yangu ya mwezi wa sita, ile niliyosema nimeliona kaburi la baba huku alikofia kazini relini, na limepinda, halali. Anakaa kitandani anauliza baba anatazama wapi. Umeniandikia pia kwamba kaka Twalibu amekwisha kuongea na watu wawili, na mwezi ujao watapanda treni waje wamfukue baba na kumlaza upya. Dada, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujamjibu mtu yeyote, kisha umzuie Twalibu. Asipande treni. Sababu yake ni ndefu na inapita kwenye nyota, kwa hiyo nivumilie.

Hapa Igalula tuna mwalimu wa elimu ya watu wazima anaitwa Kasimiri. Ni Mkatoliki, mzaliwa wa huko karibu na Kipalapala, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Jioni tukitoka relini, wenye nguvu iliyobaki tunakwenda kwake kusoma. Mimi niliishia darasa la nne kama ujuavyo, baba alipofariki, kwa hiyo nakaa benchi la mbele pamoja na wazee. Kama mwandiko wangu umenyooka kuliko zamani, shukrani zako zimwendee yeye.

Mwalimu huyu aliwahi kupelekwa Ulaya kusomea ualimu, na huko akajifunza kupiga picha za nyota. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani ni utani wa watu waliosoma. Akatueleza kwamba kamera ikifunguliwa jicho lake kwa muda mrefu, inakusanya mwanga kidogo kidogo kama mtungi chini ya paa linalovuja, mpaka inaona ambavyo sisi hatuvioni. Taabu ni kwamba nyota haziketi. Zinakwenda magharibi usiku kucha, na kamera iliyosimama tuli itazipiga picha kama mistari. Basi kamera nayo lazima izifuate, kwa mwendo uleule, bila kuchoka na bila kukimbilia.

Kwa kazi hiyo anacho chombo ambacho sisi tunakiita mguu wa kamera. Alitengenezewa na fundi Yahaya wa Tabora mjini, anayefufua cherehani na saa na santuri zilizokufa. Ndani yake mna springi ya santuri. Ukiivuta kwa mkono, inasukuma magurudumu yenye meno madogo, na meno yanazungusha mhimili wa chuma uliobeba kamera. Mhimili huo unachukua siku nzima kuzunguka mara moja, kwa hiyo ukiutazama utaapa kwamba umesimama. Chote kinaingia katika sanduku la mbao, na kichwa cha kulibeba sanduku hilo ni changu. Kila jioni isiyo na mbalamwezi nalibeba kutoka nyumbani kwa Mwalimu mpaka uwanjani nyuma ya msikiti, na wenzangu wa gangi, kikosi chetu cha reli, wananiita pagazi. Wanauliza msafara wangu unafika Ujiji lini.

Mwalimu alikuwa na kiu moja tu. Alitaka apate picha moja safi ya ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga wakati huu wa kipupwe, aibandike darasani, ili wazee wanaosema kwamba kisomo ni cha watoto waone wenyewe kitu ambacho hata macho ya kijana hayajapata kukiona. Filamu alizokuja nazo zilikuwa zinakwisha, na huku hazipatikani.

Picha ya kwanza aliisafisha bafuni kwake, amefunika dirisha kwa blanketi. Alipoitoa tukaona mistari mirefu, kama mchele uliomwagwa na mtu mwenye hasira. Akampelekea habari Yahaya, naye akaja na treni ya mizigo, kofia imejaa vumbi la makaa. Yahaya alikifungua chombo na kukuta grisi imeganda kwa baridi, springi inavuta kisha inakwama. Akaosha kila jino kwa mafuta ya taa na kutia mafuta ya cherehani, huku anamlaumu Mwalimu kwamba santuri hii tangu kuzaliwa kwake imezoea taarabu, leo inaambiwa ibebe mbingu, kwa nini isigome.

Picha ya pili mistari ilipungua lakini ilikuwa na vifundo, kama mtu aliyekuwa anakwenda akijikwaa. Yahaya akagundua kwamba kamera ni nzito upande mmoja, na meno yanacheza. Tukatafuta kitu cha kusawazisha, mimi nikaleta nati kubwa ya reli iliyokwisha kutupwa. Tukaifunga upande wa pili, lakini Yahaya akakataa uzito ulingane kabisa. Alisema mzigo uachwe uegemee kidogo, meno yapate cha kusukuma wakati wote, kwa maana mkokoteni usio na mzigo ndio unaorukaruka. Tena tukaacha kupiga picha treni inapopita, kwa sababu ardhi yote hapa inatetemeka.

Picha ya tatu, dada, ilituvunja moyo zaidi kuliko zote, maana safari hii tulijua hatukukosea. Vifundo vilikwisha. Mistari ilikuwa mifupi, imenyooka, safi kabisa. Lakini ilikuwa mistari. Yahaya akarusha mikono na kusema chombo hakina kosa, kama kuna kosa basi ni la nyota. Mwalimu hakucheka. Alikaa na ile picha mlangoni kwake mpaka chai ikapoa, kisha akaniita akanionyesha kitu. Alisema mistari ya zamani ililala kutoka mashariki kwenda magharibi, njia ya nyota, na hiyo ni alama kwamba chombo kinachelewa au kinawahi. Hii ya sasa imelala kukatiza, kutoka kaskazini kwenda kusini. Maana yake springi inakwenda sawasawa, ila inakwenda kwa bidii katika njia isiyo yake. Chombo kimesimamishwa vibaya.

Hapo aliniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, ni nani aliyeweka yale mawe mawili yanayoonyesha kaskazini na kusini, ambayo mhimili unalazwa juu yake. Nikamwambia ni mimi, kama alivyonituma. Akauliza kaskazini niliijuaje. Alikuwa amejaribu dira yake mwanzoni, ikawa inayumba kwa sababu ya reli na tangi la maji, akaiacha. Na kule Ulaya alikosoma, alisema, kuna nyota moja imesimama upande wa kaskazini kama msumari, unaelekeza chombo kwake umemaliza. Huku msumari huo umezama chini ya ardhi, na upande wa kusini hakuna wa badala yake, kuna moshi tu wa mashamba yanayochomwa. Ndiyo maana aliniamini mimi na uzi wangu.

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba kaskazini nimeichukua msikitini. Niliushika ukuta wa ubavuni wa msikiti nikavuta uzi mpaka uwanjani, kwa sababu msikiti unaelekea kibla, na kibla ndiyo kaskazini. Dada, wewe ungejibuje? Sisi kwetu hatusemi vinginevyo. Mama akitutuma tunasema nyumba ya upande wa kibla, shamba la upande wa kibla, na kila mtu anajua ni kaskazini. Sikuwahi kusikia kwamba ni vitu viwili.

Mwalimu alinitazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Akamwita Yahaya aje asikie. Akasema kumbe miezi yote hii chombo chake kimesilimu na yeye hana habari, kinasali kila jioni na yeye anakidai picha. Yahaya naye akasema basi ndiyo sababu hakikumtii, kwani nani anayesemeshwa katikati ya sala akajibu.

Jumapili iliyofuata, Mwalimu alipotoka kanisani, tuliisimamisha nguzo uwanjani. Asubuhi tukaweka kijiti mwisho wa kivuli chake. Alasiri tukangoja kivuli kirefuke mpaka urefu ule wa asubuhi, tukaweka kijiti cha pili, na katikati ya vijiti hivyo tukavuta uzi mpaka kwenye nguzo. Mwalimu akasema huo ndio mstari wa kaskazini, hauna dini wala kabila. Kando yake, kutoka nguzo hiyohiyo, nikavuta uzi wangu wa msikiti.

Nyuzi mbili, dada. Zilianzia nguzo moja, na kadiri zilivyokwenda ndivyo zilivyoachana, mpaka mwisho wa uwanja mbuzi angeweza kupita katikati bila kugusa upande wowote. Nilikuwa na hakika kwamba msikiti umejengwa vibaya, na nikasema hivyo. Yahaya alikunja uso, maana huo ni msikiti wa watu wake. Mwalimu akaninyamazisha, akachora mchangani kwa kidole. Huku juu, akasema, ni Makka. Chini yake moja kwa moja, pwani, ni kwenu Saadani. Mtu wa Saadani akitazama Makka anatazama kaskazini, kwa sababu kwenu mmebahatika kuwa chini yake. Kisha akaweka kokoto mbali upande wa kushoto, akasema huyu ni wewe, uko Igalula. Ukitaka kuitazama Makka kutoka hapa, lazima ugeuze uso kulia. Akachora, na mchoro wake ukawa sawa na nyuzi zangu mbili. Akasema ule uwazi kati ya nyuzi ndio safari yangu yote kutoka nyumbani. Hakuna haja ya kuhesabu stesheni, umeandikwa pale.

Nilisimama pale nikautazama uwazi ule. Mimi nilikuja kwa treni nimelala kwenye gunia, sikuona kitu kikibadilika ila miti. Nisingefikiri kwamba mtu akisogea duniani, kitu anachokitazama kila siku mara tano kinahama nacho, na yeye hajui.

Jioni yake tuliyahamisha mawe na kuulaza mhimili juu ya mstari wa kivuli, ncha ya kusini imeinuliwa kidogo tu. Giza lilipoingia, nyota nyekundu ilitoka mashariki, mwaka huu ni kubwa kama taa ya stesheni, na ule mkanda mweupe ukawa juu ya vichwa vyetu. Mwalimu alifungua jicho la kamera, tukakaa kuilinda.

Picha ile nimeitia katika bahasha hii, imefungwa kwa karatasi ya sigara. Itoe polepole, usiishike katikati. Vinukta unavyoviona si vumbi wala kasoro za karatasi. Kila kimoja ni nyota. Mwalimu alinipa kioo cha kukuzia, nikatafuta mahali peusi, nipate angalau pa kupumzisha macho, na kila peusi nilipopata nilikuta nyota nyingine ndani yake. Mimi nimelala nje tangu utoto, nilidhani mbingu naijua. Mzee mmoja wa darasa letu aliiangalia akavua kofia yake, akauliza kama hizi zote zilikuwapo jana. Mwalimu akamwambia zilikuwapo hata kabla ya jana. Mzee akasema basi yeye ataendelea na kisomo.

Lakini mimi sikupata raha, dada, kwa sababu uwazi wa nyuzi zile nilikuwa nimeuona mahali pengine. Niliuona kwenye makaburi.

Tangu nifike Igalula nililiulizia kaburi la baba, na mwaka huu ndipo nikaonyeshwa. Kwetu kichwa cha maiti huelekea linakochomoza jua, na uso hugeuzwa kaskazini. Hapa nikakuta kichwa kimepinda kusini, kama mtu aliyesukumwa kwa bega, na makaburi yote ya jirani yako vivyo hivyo. Sikuyalinganisha na msikiti, uko mbali na pale. Nikasema tu moyoni kwamba watu wa bara hawajui kuzika, nikawaandikia ninyi ile barua.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Sikuishia kuandika. Ijumaa moja watu wakitoka msikitini, nilimsimamisha Mzee Mfaume, seremala wa hapa, ambaye ndiye aliyemzika baba, nikamwambia mbele ya watu kwamba walimtupa baba yangu shimoni kama mzoga. Vijana walitaka kunipiga. Yeye aliwazuia, akaniambia kwamba walimlaza kama wanavyolazwa wao, kisha akanikaribisha uji. Sikunywa. Baada ya siku chache nikachukua mtaimbo wa gangi, nikaenda peke yangu makaburini alfajiri, nikayang'oa mawe ya kaburi na kuyapanga upya kama ya kwetu, yaelekee jua. Baba mwenyewe sikumgusa, wallahi, ila mawe yake niliyageuza. Nikaondoka nimeridhika.

Siku ya pili baada ya ile picha nilikwenda kwa Mzee Mfaume. Alikuwa anaranda mlango. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, na mawe pia. Akaendelea kuranda. Halafu akasema mawe alikwisha yaona, na vijana walipomuuliza ni nani, aliwaambia ni fisi. Wakamuuliza fisi gani anaacha alama za mtaimbo, akawaambia fisi wa kutoka pwani. Nilitaka ardhi inimeze, na yeye alikuwa anacheka kwa mabega.

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza siku ile. Akasema angenieleza, lakini nilikuja na jibu langu mkononi na mikono yangu ikawa imejaa. Kisha akaniambia habari ambayo nakuomba umsomee mama neno kwa neno. Alisema babu yake alitoka pwani hukohuko kwetu na misafara ya zamani, na katika msafara wao alikuwamo mtu mmoja mwenye elimu. Kila walipopiga kambi, mtu huyo alizitazama nyota zake na kuutandika mkeka wa sala, na kila baada ya kambi kadhaa aliugeuza kidogo kulia. Wapagazi walimcheka, wakasema amelewa usingizi. Walipofika huku kwetu Tabora, Unyanyembe ya zamani, mkeka ulikuwa umegeuka kama ulivyo msikiti huu, na waliokwenda mpaka Ujiji waliugeuza zaidi. Baba alipokufa kwa homa, watu wa gangi yake walitaka azikwe haraka karibu na njia ya reli. Mzee Mfaume akakataa. Alivuta kamba kutoka ukuta wa msikiti, akaunganisha kamba ya kisima na kamba za mbuzi, mpaka makaburini, ndipo akapima kaburi. Alisema huyu ni mgeni, na mgeni akikosewa hana mtu wa kumsemea.

Kwa hiyo dada, mwambie mama hivi. Baba hakupinda. Wangemlaza kama tunavyolaza sisi Saadani, angekuwa anatazama jangwa la Sudani mpaka siku ya kufufuliwa. Watu wasiomjua walimgeuza kiasi kile kile alichokwenda mbali na nyumbani, wakamwelekeza mahali alipokuwa anapatazama akiwa hai. Mimi na Mzee Mfaume tumeyarudisha mawe. Sikukumbuka yalikuwa wapi, ikabidi tuvute tena uzi kutoka msikitini, na safari hii nilishika mimi upande wa kaburi. Twalibu abaki nyumbani, na hao watu wawili awaombe radhi. Kama ana hasira kwamba nilimdanganya, ana haki, anisubiri, adhabu yangu anipe mkononi nikifika.

Msalimie mama sana na umpake mafuta miguu kwa niaba yangu. Wasalimie watoto, na majirani wote wa upande wa kibla, maana kwenu neno hilo bado ni sawa. Mwalimu Kasimiri na fundi Yahaya wanawasalimu ingawa hamjuani. Mzee Mfaume anamletea mama salamu za pekee.

Nimekwisha mwambia mnyapara kwamba naondoka kazini. Natarajia kufika mwezi wa kumi, kabla Ramadhani haijaandama, nifunge pamoja nanyi. Ila siku za mwanzo mnivumilie tukisimama kusali, mkiona nimetandika mkeka wangu upande, msinicheke. Nishikeni bega mnigeuze.

Mdogo wako akupendaye,
Lukumani